Mgeni Asiyepewa Jembe: Kisa cha Msichana wa Darasa la Tatu Mkoani Kigoma

Majina mawili ya watoto yanayotumika humu si yao. Shule, kata na wilaya sizitaji, na mambo madogo ambayo yangemfanya jirani awatambue nimeyabadilisha. Mama wa mtoto alisomewa maelezo haya akayakubali. Mtoto mwenyewe aliyasikiliza pia, akataka sehemu moja irekebishwe, nikairekebisha.

Usuli

Shule yetu haiko mbali na Ziwa Tanganyika. Upepo wa asubuhi ukigeuka, harufu ya dagaa walioanikwa mchangani inaingia mpaka darasani. Mwaka ule Darasa la Tatu lilikuwa na watoto 84 kwenye chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati la watatu. Nilikuwa mwalimu wa darasa hilo, na kwa mafunzo mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Hilo la pili nalitaja makusudi, kwa sababu makosa yatakayosimuliwa hapa yalifanywa na mtu aliyesomea jambo lenyewe.

Msichana nitakayemwita Zuhura alikuwa na miaka 11, mkubwa kwa wenzake wengi kwa miaka miwili, kwani alichelewa kuanza shule. Ana mtindio wa ubongo. Miguu yake hukakamaa na kupishana, mkono wa kushoto hushika kwa shida, wa kulia una nguvu lakini hauendi sikuzote anakoutuma. Huzungumza polepole, na akikazana kutamka, mate humtoka. Hesabu za kuzidisha alizimudu kabla ya nusu ya darasa. Jina la ulemavu huu limewapoteza watu wengi: wakisikia ubongo, hudhani akili. Ubongo ulioumia ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, hushindwa kuiamuru misuli vizuri. Mtoto anaweza kuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mwalimu wake, na hakuna mtu anayeambukizwa kwa kukaa naye au kunywea kikombe chake.

Mama Zuhura anauza mawese. Alimbeba mwanawe mgongoni kwenda na kurudi mpaka Darasa la Pili, kilipopatikana kiti mwendo.

Kuwepo kwa Zuhura darasani hakukuwa hisani ya mtu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na tangu mwaka 2016 elimu bila ada imewaleta madarasani watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani. Kabla ya hapo mtoto mwenye ulemavu, kama alibahatika kusoma, mara nyingi alipelekwa mbali kwenye shule ya wenziwe: wasioona Buigiri, Dodoma, tangu 1950, viziwi Tabora tangu 1963. Shule hizo zimewafundisha watu wengi na naziheshimu. Lakini kwa miaka mingi mtoto anayeona na asiyeona, anayesikia na asiyesikia, mara nyingi hawakupata nafasi ya kugombania dawati moja. Ndiyo maana sisi walimu tunajua zaidi habari za kumwingiza mtoto darasani kuliko habari za kumwingiza mchezoni.

Zamu ya wema

Januari, wiki ya kwanza, nilichagua wasichana kumi wenye adabu nzuri, nikawapangia zamu, wawili kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi yao ilikuwa kumsukuma Zuhura, kumletea uji, kumbebea begi, kumchongea penseli na kumpeleka chooni. Walifanya kwa moyo. Wao ndio waliogundua kwamba kwenye mchanga kiti hakisukumwi: unakigeuza, unakivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Mimi sikulijua hilo. Niliwasifu mstarini mara kadhaa, na wageni waliokuja kukagua shule waliondoka wamefurahi.

Pamoja na zamu, nilimsamehe Zuhura karibu kila kitu. Hakufagia, hakwenda bustanini, hakuitwa ubaoni. Asipomaliza kazi ya nyumbani, sikumwuliza. Darasa zima lilipobaki kwa sababu ya kelele, yeye alitolewa nje kwanza. Niliona ni huruma.

Machi nilifanya zoezi ambalo walimu wa fani yetu hulifahamu, chanzo chake kikiwa kazi za daktari wa magonjwa ya akili Jacob Moreno za miaka ya 1930. Nilimwita kila mtoto peke yake chini ya mwembe, nikamwuliza maswali mawili: mapumziko unapenda kucheza na nani, nitajie watatu, na ni nani ungependa kumsaidia? Sikuuliza nani humpendi. Swali hilo halifai kuulizwa mtoto, maana likishatoka kinywani huzunguka darasani siku hiyo hiyo.

Katika swali la msaada, Zuhura alitajwa na watoto zaidi ya thelathini, akampita kila mtu. Katika swali la mchezo hakutajwa na hata mmoja, wale kumi wa zamu wakiwemo.

Nikaanza kuangalia mapumziko kwa macho mengine. Kengele ikilia, wasaidizi wawili walimvuta Zuhura mpaka chini ya mwembe, wakamfuta mdomo, wakamwekea kikombe mkononi, kisha mbio uwanjani. Kengele ya pili walirudi wakihema na jasho likiwatiririka, wakamvuta darasani. Dakika zile zote alikaa kivulini kama mgeni rasmi anayesubiri sherehe ianze. Siku moja nilimwuliza msaidizi mmoja kwa nini hakai naye kidogo. Alinijibu bila ubaya wowote: "Mwalimu, zamu yangu ni jana."

Ugomvi wa rula

Mwezi Mei yalitokea yaliyonifungua macho, nami nikaanza kwa kuyaharibu.

Nyuma ya Zuhura alikaa msichana nitakayemwita Mwavita. Sikumweka kwenye zamu kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali na daftari lake chafu. Siku hiyo alimwomba Zuhura rula. Zuhura akakataa. Mwavita akainyakua, Zuhura akamchapa nayo mkononi, na hapo nikasikia Mwavita akisema kwa sauti: "Kiwete mchoyo!"

Nililisikia neno moja, mengine sikuyauliza. Kesho yake nilimsimamisha Mwavita mstarini, mbele ya shule nzima, amwombe Zuhura radhi. Aliomba huku akilia. Nikatoa na maneno makali juu ya watakaorudia.

Neno lenyewe halina utetezi. Kiswahili cha zamani kiliwaweka watu hawa kwenye ngeli ya vitu, kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, na mtoto husikia ngeli hata kama hajaifundishwa. Lakini katika hasira ya neno sikuuliza sababu ya rula kukataliwa, wala sikuuliza nani alimchapa nani.

Tangu siku hiyo kikawa kimya. Wasaidizi walizidi kuwa wapole, na wengine walikipitia mbali kile kiti. Mvulana mmoja alipoulizwa na mwalimu mwenzangu, alisema, "Yule si wa kuchezewa, utaitwa mstarini." Wiki moja baadaye Zuhura alinisubiri wenzake watoke. Ilimchukua muda kuyatoa maneno, nami kwa mara ya kwanza sikumkatiza kwa kumsaidia kumalizia.

"Mwalimu, Mwavita ndiye alikuwa anaongea na mimi."

Nikaambiwa yote. Kumbe kila siku, nyuma ya mgongo wangu, wawili hao walikuwa wakirushiana maneno, wakipigana vijembe, wakiazimana vitu. Rula ilikataliwa kwa sababu penseli aliyoiazima Mwavita wiki iliyopita ilirudi imetafunwa mpaka kwenye risasi. Katika watoto 84, mmoja tu ndiye aliyekuwa akimkasirikia Zuhura kama anavyomkasirikia mtoto mwingine yeyote. Huyo ndiye niliyemwadhibu.

Uamuzi wa Julai

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nimemweka Zuhura ugenini nusu mwaka: hafanyi kosa, hapewi kazi, hadaiwi kitu. Na mgeni, hata apendwe vipi, watoto hawamwiti kucheza. Wanampisha.

Nilimwendea mwalimu mkuu na mambo manne. Zamu ivunjwe. Zuhura ahamishwe dawati, akae upande mmoja na Mwavita, kama wote wawili watataka. Aingizwe kwenye kazi za darasa, aulizwe kazi ya nyumbani kama wenzake. Na akigombana na mtu, wote wawili waitwe, wote wawili wasikilizwe, mahali pa faragha. Mwalimu mkuu aliogopa jambo moja, mtoto akianguka nani atajibu. Ni hofu ya haki, sikuidharau. Tulikubaliana Mama Zuhura aitwe.

Mama Zuhura alikuja na ndoo yake ya mawese, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, huyu mtoto akirudi amechafuka, watu watasema nimemtupa."

Nilimwambia wenziwe wote hurudi wamechafuka. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia: nyumbani Zuhura huchambua dagaa, hupepeta mchele akiwa amekaa, na hupigwa kelele akikosea kama ndugu zake. Shuleni tu ndiko asikofanya kitu. "Nilidhani ndiyo sheria ya shule," alisema.

Kuhusu choo, sikutaka kuwaachia watoto tena. Msichana wa miaka 11 anakua, na ni vigumu kuwa rafiki sawa na mtu anayekuvua nguo kwa zamu. Mama anayetupikia uji alikubali kumpeleka, kwa makubaliano na mama yake. Katika maamuzi yote ya Julai, hilo lilikuwa dogo na la busara kuliko yote, na lilipaswa kufanyika Januari.

Mwavita nilimwita peke yake, nikamwambia kwamba siku ile ya mstari sikumsikiliza. Alinitazama kwa mashaka, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alihama dawati bila kuulizwa mara ya pili.

Viriba

Kigoma ndiyo nyumbani kwa michikichi, na tangu serikali ilipoanza kulisukuma zao hili upya, shule yetu nayo ina kitalu. Mbegu bora hutoka kituo cha utafiti cha Kihinga, humuhumu mkoani. Agosti, kabla ya mvua, kazi ni kujaza viriba: udongo wa juu unachanganywa na samadi iliyooza, unajazwa kwenye mifuko ile myeusi, unashindiliwa kwa vidole, kiriba kinasimamishwa kwenye mstari.

Niliichagua kazi hii kwa sababu moja: hakuna anayeifanya amesimama. Watoto wote huketi chini, duara, rundo la udongo katikati. Zuhura alishushwa kwenye kiti, akakaa juu ya gunia, mgongo kwenye shina la mti. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, macho yake yalikuwa sawa na macho ya wengine.

Vikundi vilikuwa vya watoto sita, kila kimoja viriba mia moja, na kikundi kisichotimiza hakinyanyuki. Mtu mmoja hawezi: mmoja anafungua mdomo wa kiriba, mwingine anajaza, mwingine anashindilia. Mkono wa kushoto wa Zuhura, ule unaoshika kwa shida, ukishakamata kitu haukiachii upesi. Ulifaa kushikilia kiriba wazi. Sikuupangia mimi. Walijipangia wenyewe baada ya viriba kadhaa kupasuka.

Walichelewa. Kikundi chao kilikuwa cha mwisho kunyanyuka siku ya kwanza, wakalaumiana, na Zuhura alilaumiwa sawa na wengine, kwamba anaongea mno badala ya kushika. Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Nilijizuia kusogea, na haikuwa rahisi. Alijibu, wakasubiri amalize, wakacheka, naye akacheka. Kwa wiki tatu, siku mbili kila wiki, walikaa kwenye udongo ule, na mengi waliyoyazungumza sikuyasikia wala sikupaswa kuyasikia.

Mama mmoja alimkataza binti yake kukaa kikundi hicho kwa ajili ya mate. Tulimweleza kwamba ulemavu huo hauambukizi. Hakuridhika, na mtoto akahamia kikundi kingine. Zuhura alianza kuvaa kitambaa shingoni, rangi aliyoichagua mwenyewe.

Rede

Septemba mchezo wa wasichana ulikuwa rede. Kwa asiyeukumbuka: warushaji wawili wanasimama pande mbili, walio katikati wanakwepa mpira huku mmoja wao akijaza chupa mchanga, ukigongwa umetoka. Wale wa kikundi cha viriba walimvuta Zuhura mpaka mwisho wa uwanja wakamfanya mrushaji. Hakuna mwalimu aliyewaambia.

Mkono wake hauendi anakoutuma, na hilo hilo likamfanya awe mrushaji mgumu kukwepwa, kwani hata yeye hajui mpira utapita wapi. Walimpa jina, Mzinga. Nilisita kidogo juu ya jina hilo mpaka nikasikia kwamba Mwavita anaitwa Redio, na aliyempa jina hilo ni Zuhura. Hapo nikatulia. Utani huenda na kurudi. Dhihaka haina njia ya kurudi.

Sheria walizibadilisha wenyewe: nyuma ya Zuhura husimama mtoto wa kuokota mipira. Zikazuka kesi, kama aokotaye naye anaruhusiwa kurusha, na siku mbili mchezo ulivunjika kwa ugomvi huo.

Kisha Zuhura akataka kukaa katikati kama wengine, ajaze chupa. Wakamshusha mchangani. Mpira wa kwanza tu ukamgonga begani.

"Umegongwa. Toka," alisema Mwavita.

Zuhura alilia. Watoto wawili wakaanza kusema aachwe, asihesabiwe. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti changu pale ofisini dirishani. Mwavita alisisitiza kwamba amegongwa, kila mtu ameona, na Zuhura huku analia akasema ndiyo, amegongwa, wamtoe. Wakamvuta pembeni. Baada ya muda nilimsikia akipiga kelele kuwashangilia wengine na kuwatuhumu kwa wizi wa mchezo.

Sehemu hii ndiyo aliyotaka irekebishwe. Nilikuwa nimeandika kwamba aligongwa kwa sababu hakuweza kukwepa. Anasema aliuona mpira, ila alikuwa anaitazama chupa.

Matokeo

Novemba niliuliza tena maswali yale mawili. Katika mchezo Zuhura alitajwa na wasichana wanne, watatu wa kikundi cha viriba na mmoja wa rede. Mwavita alimtaja wa pili. Katika msaada alitajwa na watoto wachache kuliko Machi, na nilifurahia kupungua huko. Hakuna mvulana aliyemtaja kwenye mchezo, lakini wavulana wa umri ule hawakumtaja msichana yeyote.

Wanne kati ya watoto zaidi ya themanini ni wachache, na kuna wasichana wasio na ulemavu waliotajwa mara mbili tu. Simwombei mtoto yeyote kupendwa na darasa zima. Namwombea awe na wa kumwita.

Kusukumwa kwa kiti hakukukoma. Ila sasa aliyekuwa karibu ndiye aliyevuta, na mara nyingine Zuhura aliambiwa asubiri kwanza mchezo uishe, akasubiri kwa manung'uniko. Mahudhurio yake, ambayo zamani yalilegea siku za Ijumaa, yalinyooka. Matokeo ya mtihani hayakubadilika sana, yalikuwa mazuri tangu mwanzo.

Jambo moja halikusogea. Urafiki huu uliishia getini. Mpaka mwaka unakwisha, hakuna mtoto aliyekwenda kwao Zuhura hata mara moja, na likizo ya Juni na ya Desemba alikaa na ndugu zake peke yao. Njia ya kwao ina mteremko wenye mawe. Sikulifikiria hilo wakati wake.

Uchambuzi

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba kuwaweka pamoja watu wa makundi mawili hakutoshi kuwapatanisha. Alitaja masharti: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waonekane kuliunga mkono jambo hilo. Yeye alikuwa akizungumzia zaidi ubaguzi wa rangi wa nchi yake, lakini nikiupima mwaka wetu kwa masharti hayo naona waziwazi. Zamu yangu ilikuwa na uungaji mkono wa mamlaka, tena mwingi kupita kiasi. Hadhi sawa haikuwepo kabisa: mmoja hutoa, mwingine hupokea, kila siku, bila kubadilishana. Viriba vilikuwa na yote manne, na hakuna aliyelazimika kuhubiri.

Msaada na urafiki si maadui. Ndugu yako anapougua unamlisha. Lakini msaada unaokwenda upande mmoja tu, tena kwa ratiba ya mwalimu, humfanya mtoto awe kazi ya wenzake, na mtoto mwenye akili timamu hukimbilia kucheza kazi ikiisha. Sikuwa na haki ya kuwalaumu wale kumi. Walifanya barabara nilichowaagiza.

Kuhusu adhabu ya Mei, kosa halikuwa kulikemea neno. Kosa lilikuwa kuligeuza kuwa tamasha la shule nzima na kumwacha Zuhura nje ya kesi yake mwenyewe. Alimpiga mwenzake na rula, alistahili kuulizwa. Nilipomtoa kwenye lawama nilimtoa pia kwenye orodha ya watu ambao unaweza kukosana nao na kupatana. Watoto walinielewa vizuri kabisa.

Lililonisaidia kuliko vitabu ni kujizuia. Uwezo wa watoto kurekebisha mchezo ni mkubwa kuliko wangu, kwa sababu wao wanataka mchezo uendelee, mimi nilitaka haki ionekane. Mwokotaji wa mipira ni wazo lao. Kuvuta kiti kinyumenyume ni wazo lao. Nisingejizuia siku ile ya "umegongwa, toka", ningempa Zuhura sheria yake peke yake, na rede ya mtu mwenye sheria yake peke yake haichezeki.

Hata hivyo kujizuia kuna mpaka, na nisieleweke kwamba mwalimu aketi tu. Kabla ya viriba nilichagua kazi, nilichagua idadi ya kikundi, niliangalia nani akae na nani, niliondoa suala la choo mikononi mwa watoto. Mtoto aliyekuwa akimwigiza Zuhura anavyotembea kwa magoti nilimwita nikasema naye, faraghani, na nikamwita tena aliporudia. Ulemavu mwingine nao ungedai kazi nyingine: darasa lenye mtoto kiziwi lisipojifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, viriba elfu havitawapa la kuzungumza.

Mikondo

Januari iliyofuata Darasa la Nne liligawanywa mikondo miwili, A na B. Orodha ilipangwa ofisini kwa alfabeti na kwa alama, nami sikuwepo wiki hiyo. Zuhura aliwekwa A kwa sababu chumba chake hakina ngazi. Mwavita na wawili kati ya wale wengine waliangukia B, chumba chenye ngazi tatu mlangoni.

Kwa hiyo kazi ya mwaka mzima ilikatwa kwa kalamu moja, na hakuna aliyekusudia ubaya. Mzigo huu naubeba mimi. Majina yale manne nilikuwa nayo kwenye daftari langu tangu Novemba, na sikumpa mwalimu wa taaluma. Niliyatunza kama matokeo ya zoezi, wakati yalipaswa kuwa maelekezo ya kupangia darasa.

Tulipoomba mabadiliko, tulijibiwa kwamba orodha zimeshapelekwa. Mwalimu mkuu aliahidi kwamba mikondo ikipangwa tena, urafiki wa watoto utaangaliwa pamoja na alama, na kwamba fundi atapima mlango wa B kwa ajili ya mteremko wa saruji. Mteremko bado haujajengwa.

Mwezi wa kwanza wa muhula Zuhura alirudi chini ya mwembe. Niliona, na safari hii sikupanga zamu. Nilimwuliza Mwavita kama anajua Zuhura yuko wapi mapumziko. Akasema anajua, ila uwanja wa rede uko nyuma ya B na kiti kinakwama kwenye mtaro. Siku mbili baadaye nilikuta wamehamisha mchezo. Sasa unachezwa mbele, kati ya vyumba viwili, kwenye kipande chembamba chenye kokoto, na wasichana wa A wasiomfahamu Zuhura sana wameanza kuingia kwa sababu mpira unawafikia mlangoni. Mwalimu wa mkondo A analalamika vumbi. Nimemwomba avumilie mpaka mvua.